Dole Gumba la Fundi Kufuli

Fundi kufuli hakuwa na tabia ya kuitazama kufuli anayoifunga. Alitia ufunguo, akageuza uso pembeni kama mtu anayetega sikio kwa habari za jirani, akazungusha taratibu, na dole gumba lake lilipopata ile "ta" ndogo ya chuma kukaa mahali pake, alisema neno moja: "Imeitika." Basi. Mteja hakuwa na haja ya kuvuta mlango ahakikishe. Awe amefunga mlango, sanduku au geti, neno lilikuwa hilo hilo, imeitika; mambo ya ngeli aliwaachia walimu. Mtaa mzima ulimwita Imeitika. Watoto wakimwona anapita na mkoba wake wa vifaa walimpigia kelele, "Imeitikaaa!" naye aliinua mkono na kuendelea na safari yake.

Kazi alifundishwa na mjomba wake, mtu mwenye mkono mwepesi na hasira za karibu. Mjomba alikuwa na mfuko wa turubai. Alitia kufuli ndani ya mfuko, akamwamuru mpwa wake aingize mikono yote miwili, akaufunga mfuko kwa kamba penye vifundo vya mikono, kisha akamwambia aifungue humo humo bila kuiona. Kijana alitoka jasho mpaka nyuma ya masikio. Akilazimisha ufunguo, mjomba alisikia mkwaruzo na kumzaba kofi la kisogo. "Ikikwaruza, acha! Toa mkono, jaribu upande wa pili. Chuma kinakwambia hapana, wewe unabishana nacho?" Makofi hayo yaliingia mwilini. Miaka mingi baadaye, mjomba ameshazikwa, fundi akisikia kitu kinakwaruza, hata kiti sakafuni, mkono wake ulijitoa wenyewe kabla hajawaza lolote.

Hata mke alimpata kwa mkono huo. Aliitwa shule moja ya msingi ambako ufunguo wa stoo ya jikoni ulikuwa umekatikia ndani ya kitasa. Mpishi mkuu, mama wa mwili na sauti ya kupangia watu mistari, alisimama nyuma yake na mwiko mkononi, akamtazama anavyofanya kazi amefumba macho. Mlango ulipofunguka, hakusema ahsante. Alisema, "Wewe kijana, una mke?" Fundi akadhani anataniwa. Kumbe mpishi alikuwa na binti nyumbani, na mambo alikuwa ameshayamaliza kichwani. Mpaka leo mkewe humwambia, "Mimi sikukuchagua. Mama ndiye aliyekuchumbia, mimi nililetewa tu."

Mama mkwe huyo alikuja kuishi kwao baada ya kustaafu na kufiwa na mumewe. Alikuja na sanduku lake na mwiko wake, na kwa muda mrefu akawa mwenye nyumba kuliko wenye nyumba. Kisha akaanza kusahau. Alisahau sufuria jikoni, akasahau jirani anaitwa nani, na mwishowe akasahau kwamba amestaafu. Kila siku akawa anaamka, anajifunga kitambaa kichwani na kuelekea getini, kwa sababu watoto shuleni hawajala. Mara ya kwanza alipotoka alikutwa katikati ya barabara ya malori, anawaamuru madereva wapange mstari na wasisukumane. Waliomwona walivunjika mbavu. Mkewe fundi hakucheka. Alikaa pale pale kwenye vumbi akalia, maana aliona jinsi tairi la lori lilivyosimama karibu na miguu ya mamake.

Ndipo fundi akatengeneza kitasa cha geti. Alikitengeneza mwenyewe kwa tupa na jiriwa, na alikipenda kama wengine wanavyopenda gari. Ukitoka, ulivuta geti nyuma yako na kubonyeza kwa dole gumba kitufe cha shaba kilichotokeza pande zote mbili. "Ta" ya kwanza ilikuwa ulimi wa kitasa kuingia kwenye fremu. "Ta" ya pili, ukizidi kushikilia kitufe, ilikuwa pini ndogo kuanguka nyuma ya ulimi na kuuzuia usirudi. Pini isipoanguka, ukilisukuma geti kwa bega linafunguka. Ikianguka, hata fahali hatoki, labda awe na ufunguo. Mkewe alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali kwa zamu, na kibanda cha fundi kilikuwa nyumba chache tu kutoka nyumbani, kwa hiyo mchana fundi ndiye aliyekuwa akitoka na kuingia kumtazama mama. Usalama wote wa bibi yule ulikuwa juu ya pini isiyozidi urefu wa kucha, na juu ya dole gumba la mkwewe.

Mama mkwe naye alikuwa ameshasahau kwamba huyu ni mkwewe. Alichokiona ni fundi. Alimsubiri ndani ya geti, akatazama nyuma asije akasikika, akanong'ona:

"Fundi, watu wa nyumba hii wamenifungia. Ni wema sana, wananilisha, siwezi kuwasema vibaya. Lakini wamenifungia. Hebu nifungulie, baba, watoto hawajala."

"Ufunguo bado nauchonga, mama."

"Unauchonga toka lini?"

"Mgumu kidogo huu."

"Ninyi mafundi," alisema mama mkwe kwa kuchoka, "kazi yenu kesho, kesho. Haya, chonga. Huoni jua limepanda?"

Fundi alicheka kila mara, na kila mara kicheko kilimkwama. Alikuwa mtu anayekula kwa kufungulia watu milango, na nyumbani kwake amemfungia mama aliyempa mke. Alijua hana njia nyingine, lakini kujua huko hakukumsaidia kitu.

Simu iliingia katika maisha yake kwa mlango wa shemeji. Mdogo wa mkewe alikuwa fundi simu, mcheshi, kijana asiyekaa kimya, na simu ya zamani ya fundi ilipokufa vitufe, alimletea ya kugusa. Fundi aliishika kama aliyepewa kigae. Akagusa, akagusa tena.

"Hii ni kioo tu, shemeji. Unagusa, yenyewe kimya. Nitajuaje kama imeitika?"

Shemeji akacheka, akaichukua, akachokonoa humo ndani kidogo na kumrudishia. Sasa kila herufi aliyoigusa ilimjibu kwa mtetemo mdogo chini ya kidole. Fundi akatoa macho. "Ee! Inaitika!" Siku hiyo alimwandikia mkewe ujumbe mrefu kuliko barua zote za uchumba wao, na haukuwa na habari yoyote.

Mchezo wa kufuli hakuutafuta. Simu yenyewe ilimpendekezea, na hakuna ajuaye simu ilitambuaje kwamba mkononi mwake yupo fundi wa kufuli, labda kwa vile alikuwa akipiga picha vitasa vya wateja. Kwenye kioo ilichorwa kufuli. Ulitakiwa kuvuta ufunguo kwa dole gumba, pole pole, mpaka pini zote zikae. Mtu mwingine angeona ni mchezo wa watoto. Lakini pini ilipokaa, simu ilitoa kishindo kifupi, kikavu, kimoja, na dole gumba la fundi likakitambua pale pale. Mwenye kukitengeneza alikuwa ameshika kufuli ya kweli, hilo fundi angeweza kuliapia. Alisema "Imeitika" peke yake kibandani, akajisikia vizuri, akaingia kwenye kufuli iliyofuata.

Na hapo ndipo penye utundu. Kila kufuli ikifunguka, vilikuja vitufe viwili, Endelea na Toka. Ukigusa Endelea, unapata ile "ta" safi. Ukigusa Toka, simu inatoa mkwaruzo mrefu, mbaya, kama ufunguo wa bati ndani ya kitasa chenye mchanga, kisha inauliza kama una uhakika. Mtu wa kawaida angekunja uso na kubonyeza tena. Fundi hakuwa mtu wa kawaida, alikuwa mpwa wa mjomba wake. Kikikwaruza, unatoa mkono, unajaribu upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa Endelea. Hakuona kama anashindwa kuacha mchezo. Aliona anafanya kazi vizuri.

Simu ikikaa sana bila kuguswa, ilimwita. Haikulia wala kuimba; ilitoa ile ile "ta", moja tu, kama kufuli iliyofungwa mahali fulani bila yeye. Fundi alikuwa akiacha tupa juu ya ufunguo wa mteja na kunyoosha mkono. Mkewe alianza kuliona dole gumba linacheza juu ya meza wakati wa kula, linavuta kitu kisichokuwepo.

"Baba watoto, hilo dole lina nini? Linawasha?"

"Halina kitu."

"Mbona linatembea peke yake?"

"Linafanya mazoezi," alisema fundi, akaliweka chini ya meza.

Shemeji ndiye aliyejaribu kumwambia ukweli, ila alimwambia kwa utani, na fundi akaupokea kwa utani. Alikuwa amekaa juu ya ndoo kibandani, anamtazama fundi anavyovuta ufunguo wa kioo huku mteja amesimama dirishani anasubiri ufunguo wa kweli. Mteja alipoondoka, akasema:

"Shemeji, hiyo si kufuli. Humo hamna pini wala ulimi. Kuna hiki tu." Akatoa mfukoni mwa shati kidude kidogo kama kifungo, alichokitoa kwenye simu iliyokufa. Akakigusisha kwenye nyaya za betri, kikatetemeka juu ya kidole cha fundi. "Kimota. Wamekaa watu na akili zao, wakajaribu mitetemo chungu nzima, wakachagua ule unaomfanya mtu abonyeze tena. Na kwenye Toka wameweka mkwaruzo makusudi. Kitu gani kitakwaruza pale, kioo?"

"Kinachokwaruza kinakataa," alisema fundi.

"Ndiyo. Kinakukatalia usiondoke."

"Wewe umezoea kufanya kazi kwa macho. Mkono wangu mimi haudanganyiki."

"Nikuzimie huo mtetemo? Ni kugusa hapa tu."

"Uzime halafu nijue vipi kama imeitika? Niachie simu yangu. Nenda kasafishe spika zako."

Shemeji alicheka mpaka ndoo ikayumba, akaondoka. Ukweli ni kwamba fundi alikuwa ameguswa kidogo pale. Neno lile la kukataliwa kuondoka lilimbaki kichwani. Lakini simu ikatoa "ta", na kufuli iliyofuata ilikuwa na pini nyingi kuliko zote alizokwisha kufungua.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kawaida. Mkewe alikuwa kazini. Fundi alirudi mchana, akampa mama mkwe maji, akamketisha barazani kwenye kiti chake cha plastiki, na yeye akakaa karibu naye akicheza. Mama mkwe alitazama kioo kile kwa heshima.

"Ndio ufunguo wangu huo unaouchonga?"

"Ndio, mama."

"Unakaribia?"

"Bado pini moja."

Pini hiyo moja ilimsumbua. Ilikuwa ikimpa nusu ya kishindo, kile kishindo ambacho hakijakaa, kinachoahidi kwamba ukisogeza unywele mmoja tu kitakaa. Hapo akapigiwa simu na mteja aliyefungiwa nje ya nyumba yake, ana mtoto mchanga mgongoni na jiko limewashwa ndani. Fundi akaruka. Akabeba mkoba begani, akambembeleza mama akae, akatoka. Simu hakuitia mfukoni kwa sababu mchezo ulikuwa umempa muda wa kuhesabu, na muda ulikuwa unakwisha.

Alivuta geti. Dole gumba alilihitaji kwenye kitufe cha shaba, kwa hiyo simu aliishika kwa vile vidole vinne vilivyobaki, ikalala baina ya kiganja na bati la geti. Akabonyeza. Ta, ulimi ukaingia. Wakati huo huo muda wa mchezo ukaisha, na simu, iliyoona mtu ameiacha katikati, ikamwita. Ta. Bati likaupokea mtetemo na kuupeleka moja kwa moja kwenye dole gumba.

"Imeitika," alisema fundi, akakiachia kitufe, akaondoka mbio. Hakutazama, kwa sababu hakuwahi kutazama.

Mlango wa yule mteja aliufungua haraka, mtoto akalala, jiko likazimwa, akapewa baraka zote. Alirudi nyumbani anapiga mluzi na kulikuta geti wazi, upana wa bega moja. Mluzi ukafa mdomoni. Aliingia akaona kiti cha plastiki, na kikombe cha maji kimewekwa chini vizuri, pembeni, kama anavyokiweka mtu mstaarabu anayeaga.

Fundi, shemeji, mkewe aliyekuja mbio na sare za kazini, na nusu ya mtaa walimtafuta mama. Barabara ya malori waliipekua mara mbili. Alikuwa upande mwingine kabisa. Shule ile alikopika ilikuwa imevunjwa zamani, na mahali pake palikuwa na uwanja wa kuuzia kokoto na mabati. Miguu ya mama mkwe ilikuwa bado inajua njia ambayo kichwa chake kimeisahau. Alifika mpaka pale jiko lilipokuwa, na palikuwa na mtaro mpya wa maji machafu. Walimkuta mtaroni, amelalia ubavu, kitambaa bado kiko kichwani, anawaambia wabeba kokoto waliomzunguka waoshe mikono kwanza.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari aliwaeleza kwa upole na bila kuzunguka: kwa umri ule na hali ile ya moyo, hawezi kumpasua, na mfupa hautaunga vya kumwezesha kusimama. Ataishi. Kutembea, asahau. Daktari alilitumia neno hilo bila kujua anamsema nani.

Fundi alikaa kwenye benchi la chuma koridoni. Alikuwa ameshajiuliza mara nyingi jinsi pini ilivyoshindwa kuanguka. Alikuwa amelikagua geti kabla hawajaja hospitali. Kitasa kizima, pini nzima, springi nzima. Alikuwa ameisikia "ta" ya pili. Angeweza kuapa mbele ya yeyote. Alikuwa ameinama, mikono imelikamata benchi pande mbili, simu ndani ya kiganja, na hapo benchi likaitika. Ta. Kishindo kifupi, kikavu, kimoja, kimepanda kwenye chuma na kuingia kwenye dole gumba. Fundi akalipekua benchi lote kwa macho kutafuta kitasa. Hakukuwa na kitasa. Akafungua kiganja polepole. Kioo kilikuwa kimewaka, na juu yake imeandikwa: Kufuli yako inakusubiri.

Alikaa pale akiisoma mpaka kioo kikazima chenyewe. Hakupiga kelele wala hakuitupa. Alihisi aibu, na chini ya aibu alihisi hasira ambayo hakujua aielekeze wapi, maana waliomfanyia hawamjui na hawatamjua. Walilenga kidole chochote, cha kwake kikaingia.

Walipoitwa ndani, mama mkwe alikuwa ameamka, amelegea kwa dawa lakini macho maangavu. Alimtazama binti yake kama anavyotazamwa muuguzi mzuri. Kisha akamwona fundi, na uso ukafunguka.

"Ndiye huyu!" alisema. "Dada, huyu ndiye fundi aliyenifungulia. Nilimlaumu bure. Siku nyingi ananiambia kesho, kesho, lakini leo amenifungulia, na hakusema neno. Ahsante sana, baba."

Mkewe akageuka kumtazama.

"Kweli?" aliuliza.

"Kweli," alisema fundi. "Nilimfungulia mimi. Nilibonyeza nikiwa na simu mkononi. Simu ikatetema, nikadhani ni pini."

"Ulitazama?"

"Sikutazama."

Mkewe alikuwa mwanamke anayejua kugomba, mtaa mzima unamjua, na fundi alisimama pale akiomba moyoni agombe. Yeye akavuta shuka la mamake, akalikunja pembe kama walivyofundishwa kazini, akalikaza chini ya godoro.

Siku waliyomrudisha mama nyumbani, shemeji alikuja, naye hakuwa na utani. Aliinua mabega tu na kuomba simu. Akazima mtetemo, akairudisha. Fundi akafungua mchezo, sijui kwa nini, labda kuhakikisha. Alivuta ufunguo, pini zikakaa, kufuli ikafunguka, na chini ya kidole hapakuwa na kitu. Ilikuwa picha ya kufuli. Rangi zake mbaya, na pini zimechorwa upande usio wake, jambo ambalo angeliona siku ya kwanza kama angekuwa mtu wa kutazama. Kisha mchezo ukamshauri arudishe mtetemo apate raha kamili.

"Nifutie hii," alisema.

"Futa mwenyewe, shemeji. Bonyeza hapo."

Alipeleka dole gumba. Mtetemo ulikuwa umezimwa, shemeji alimwonyesha alama yake, lakini dole lilipokaribia neno Futa lilihisi mkwaruzo na kurudi nyuma. Akajaribu tena, likarudi. Fundi akatazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Mwishowe akakunja mkono, akabonyeza kwa kiwiko, ambacho mjomba hakuwahi kukitia kwenye mfuko wake wa turubai. Mchezo ukafutika. Shemeji angecheka siku nyingine yoyote.

Tangu hapo nyumba ikawa na kazi mpya. Mama mkwe alilala chumba cha mbele, dirisha wazi, na ilibidi ageuzwe kila baada ya muda asije akapata vidonda. Mkewe alimfundisha fundi kushika shuka kwa chini na kulivuta bila kumkwaruza ngozi. Kwa mambo hayo walizungumza kama kawaida: shika hapa, vuta, polepole, basi. Mama mkwe hakuomba tena kufunguliwa. Aliongea kuhusu watoto shuleni kama watu waliokwisha kula na kuondoka.

Kibandani, fundi alianza kutazama. Wateja waligundua haraka, maana mtu aliyezoeleka hafichiki. Alifunga, akainama akachungulia ulimi wa kitasa, akavuta mlango, akavuta tena. Dole gumba liliendelea kumletea vishindo visivyokuwepo, mara kwenye kijiko, mara kwenye tupa, mara kwenye mlango ambao hata ufunguo hajauzungusha. Hakuliamini tena. Siku moja mteja wa zamani alimsubiri amalize, akalingoja lile neno.

"Vipi, Imeitika? Imeitika?"

"Hebu vuta wewe," alisema fundi.

Jioni moja, jua bado lipo, alirudi kutoka kazini na kusimama getini. Aliingia, akavuta geti nyuma yake, akabonyeza. Akainama akautazama ulimi. Akaitafuta pini kwa jicho moja, kupitia kwenye ufa. Imeanguka. Akafungua, akabonyeza tena, akainama tena. Alilifanya hivyo geti lile mara kadhaa, kwa bidii, kijasho kinamtoka, kama ndiyo kwanza anajifunza. Mkewe alikuwa ametoka barazani na beseni la maji ya kumwoshea mamake. Hakukuwa na ukali katika sauti yake alipouliza, na ingekuwa nafuu kama ungekuwepo.

"Baba watoto, unamfungia nani?"

Fundi akaliachia geti. Likabaki wazi, upepo ukalisogeza kidogo. Akanawa mikono, akaingia ndani kumsaidia kumgeuza mama ubavu wa pili.